Tairi la misimu yote, lakini misimu ipi?

Gari lililoshushwa juzi bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani mara nyingi huja na matairi yanayovutia macho. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, ni nene, na juu ya kila kipande kuna mikato myembamba mingi kana kwamba mtu amepita na wembe. Mnunuzi anayakagua, anaona hayajalika, anahesabu kwamba ameokoa bei ya matairi manne. Kabla ya kufurahi, inama usome ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx, hayo ni matairi ya theluji. Wajapani wengi wa mikoa ya baridi huwa na seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi, na gari likiuzwa wakati wa theluji linasafiri na seti iliyokuwa mguuni siku hiyo.

Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini hata barafu inapotanda. Kipimo kinachotumika Ulaya ni nyuzi joto 7: chini ya hapo mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa na la theluji hufanya kazi yake vizuri. Sasa lichukue tairi hilo uliweke juu ya lami ya Chalinze saa nane mchana, ambako uso wa barabara unaweza kupita nyuzi 50. Mpira unalegea. Zile kashata zenye mikato mingi zinayumba kila unapokata kona au kukanyaga breki, usukani unakuwa mzito kujibu, umbali wa kusimama unaongezeka, na mpira unalika upesi kuliko tairi lolote la kawaida. Kashata nene zinazomfurahisha mnunuzi ndizo zinazomsaliti, kwa sababu mpira laini ukiwa mrefu ndipo unapoyumba zaidi. Matairi hayo yavue. Kama fedha ya kununua manne kwa mkupuo haipo, endesha taratibu mjini hadi ipatikane, na usiingie nayo safari ya Iringa ukiwa na familia na mizigo.

Hapo ndipo swali la tairi la misimu yote linapoanzia kwetu. Jina hilo limetoka nchi zenye theluji. Maana yake ni tairi linaloweza kubaki garini mwaka mzima bila kubadilishwa majira ya baridi yakifika, na ili liweze hivyo limekubali kupunguza kidogo ubora wake kila upande. Alama zake ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni herufi M+S, yaani matope na theluji. Hiyo inawekwa na kiwanda kwa kuangalia umbo la kashata na upana wa mifereji. Haithibitishi kwamba tairi limewahi kupimwa juu ya theluji. Ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hupatikana kwa kufaulu jaribio la mvuto juu ya theluji.

Kwa msomaji aliye Berlin au Montreal tofauti hiyo ni ya kisheria. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, M+S peke yake haitoshi tena pale barabara inapokuwa na theluji au barafu. Lazima uwe na mchoro wa mlima. Quebec inadai matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na tairi la misimu yote lisilo na mchoro huo halikubaliki. Kwa aliye Afrika Mashariki, M+S haina madhara wala faida kubwa, na utaikuta kwenye matairi mengi ya magari ya juu. Mchoro wa mlima ndio wa kutazama kwa makini. Ukiwa kwenye tairi gumu la njia mbaya, kama BFGoodrich KO2 au Geolandar A/T G015, usiogope. Hayo yametengenezwa kwa mawe na joto pia. Ukiwa kwenye tairi la gari dogo pamoja na herufi Q, ambayo ni ya mwendo wa juu, mwishoni mwa saizi, umeshika tairi la baridi. Hata Njombe na Makete, ambako asubuhi ya Julai inauma kweli, jua likipanda baridi hiyo inaondoka. Misimu yetu ni masika, vuli, kiangazi na kipupwe, na tairi la misimu yote kwetu ni lile linalovumilia joto la lami, linalotoa maji chini yake haraka, na lisilopasuka ubavu kwenye shimo.

Kabla ya kulinganisha aina, jifunze kusoma namba. Chukua 195/65R15 91H, saizi ya Noah na Premio nyingi. Tairi lina upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Watu wengi huishia hapo, na muuzaji naye huishia hapo, ilhali mambo mazito yako kwenye 91H. Namba 91 ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba: kilo 615. Namba 88 ni kilo 560, 84 ni kilo 500, 82 ni kilo 475. Herufi ni mwendo wa juu: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240.

Utasema, nani anakimbia 210 wakati sheria ya Kenya inamruhusu mwenye gari dogo 110? Lakini jaribio la mwendo kwa sehemu kubwa ni jaribio la joto. Tairi linazungushwa likiwa na mzigo, mwendo unapandishwa kwa hatua, na linaloshindwa hushindwa kwa kuwa joto limeachanisha tabaka zake. Tairi la H lina akiba ya kuvumilia joto kuliko la S la saizi hiyohiyo, na akiba hiyo unaitumia Mtito Andei mchana hata ukiwa kwenye 100. Kwa sababu hiyo usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari mlangoni, na kwa safari ndefu za nyanda za joto panda moja juu ukiweza.

Matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana maandishi mengine matatu: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni namba, mfano 400, inayotokana na kuendesha gari kilomita zipatazo 11,600 kwenye njia maalumu huko Texas na kulinganisha na tairi la kipimo lenye 100. Namba hiyo ni kiwanda chenyewe kinachoitangaza, kwa hiyo inafaa kulinganisha matairi mawili ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. Ninayoipa uzito zaidi ni TEMPERATURE. A ndiyo bora, C ndiyo ya mwisho inayoruhusiwa. Kwa barabara za pwani, Tsavo, Dodoma, na zaidi kwa ndugu walioko Muscat na Doha, chagua A na usibishane na bei.

Kisha tarehe. Tafuta tarakimu nne zilizofungiwa ndani ya umbo la yai mwishoni mwa mfululizo wa herufi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya soko la ndani la Japani yanaweza kukosa herufi DOT, alama ya idara ya usafiri ya Marekani, lakini zile tarakimu nne zipo. Mara nyingine ziko upande mmoja tu wa tairi, nao umegeukia ndani, hivyo usikate tamaa ukizikosa. Ingia chini ya gari na tochi. Mpira unazeeka hata usipotembea, jua na hewa vinaukausha, nyufa ndogo zinaanza penye mkunjo wa ubavu. Ukifika miaka 6, lichunguzwe kila mwaka. Ukifika 10, liondoke hata kama kashata zinang'aa, na tairi la spea limo katika hesabu hiyo. Tairi jipya lililokaa stoo mwaka mmoja au miwili halina tatizo kama lilikuwa kivulini.

Sasa tuje kwenye matumizi.

Gari la mjini, tuseme Vitz au IST inayokwenda Mbagala hadi Posta na kurudi, adui yake ni mashimo na madimbwi. Mwendo ni mdogo, foleni ni ndefu, kilomita kwa mwaka si nyingi, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika. Hapa usilipie namba kubwa ya TREADWEAR. Lipia mshiko kwenye maji: mifereji mipana inayozunguka tairi zima, na kama kuna kibandiko cha Ulaya, tazama mchoro wa wingu la mvua wenye daraja A hadi E na usishuke chini ya C. Usipanue tairi kwa ajili ya sura. Tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, kwa kuwa uzito uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi.

Na kuna hili la rimu kubwa, ambalo linaumiza magari mengi. 195/65R15 ina ubavu wa milimita 127. Ukifunga 205/55R16 unabaki na 113. Ukienda 215/45R17 unabaki na 97. Kipenyo kizima hakijabadilika sana, kipima mwendo hakidanganyi kwa kiasi cha kutisha, lakini umepoteza sentimita tatu za mto kati ya rimu na shimo. Gurudumu likitumbukia kwenye shimo lenye ukingo mkali, ubavu unabanwa kati ya ukingo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona nundu. Nundu haitibiki. Ni upepo unaosukuma mpira mtupu mahali ambapo nyuzi hazipo tena, na tairi hilo halifai hata kuwa spea. Kwa barabara zetu nashikilia rimu ndogo kabisa ambayo kiwanda kimeiruhusu kwa gari lako.

Gari la safari ndefu za lami, kama Dar es Salaam hadi Mbeya au Nairobi hadi Mombasa, linahitaji tairi la kawaida la barabara lenye akiba ya joto na uzito. Hesabu ya uzito haifanywi na wengi. Noah tupu ina tani moja na nusu na zaidi. Weka watu wanane wa kilo 65, ni kilo 520, bado magunia ya mchele nyuma. Matairi manne ya 91 yanabeba jumla ya kilo 2,460, lakini mzigo haugawanyiki sawa. Ekseli ya nyuma inachukua sehemu kubwa. Ukifunga 88 kwa kuwa zilikuwa na bei nzuri, jumla imeshuka hadi 2,240 na akiba yako imekwisha kabla hujatoka Kibaha.

Probox ndiyo inayodhulumiwa kuliko zote. Kiwandani matoleo mapya hutoka na 155/80R14 88/86N, tairi jembamba la mzigo: kilo 560 kila moja. Likiisha, mwenye gari anauziwa 175/70R14 84T, ambalo kipenyo chake karibu ni kilekile na kwa macho linaonekana kubwa na la nguvu zaidi. Linabeba kilo 500. Gari limepoteza uwezo wa kilo 240 kwenye matairi manne, halafu linapakiwa kama zamani au zaidi. Hiace nayo ni hivyohivyo: 195/80R15 107/105 inabeba kilo 975 kwa tairi, na hakuna tairi la gari dogo lenye upana huo litakalofika hapo. Kwenye magari ya kazi tafuta namba mbili za mzigo zenye mkwaju katikati, au herufi LT, yaani tairi la lori dogo, au maandishi 6PR na 8PR. PR siku hizi si idadi halisi ya tabaka. Ni daraja la nguvu, na ili nguvu hiyo ifanye kazi lazima tairi lijazwe upepo wa juu kama kibandiko cha gari kinavyoagiza. Tairi la mzigo lenye upepo wa gari dogo linapata joto kama lingine lolote.

Forester, RAV4, X-Trail na Harrier ndizo ngumu kushauri, kwa sababu wenye magari haya wanataka yote mawili. Kipimo ninachotumia ni hiki: kama chini ya robo ya kilomita zako ziko kwenye vumbi na changarawe, baki na tairi la barabara kuu lenye alama H/T. Linasimama vizuri zaidi kwenye lami yenye maji, halipigi kelele, halili mafuta. Ukizidi hapo, A/T, tairi la njia zote, inaanza kustahili. Faida yake kuu wengi hawaitaji: kashata zina kina cha milimita 10 hadi 12 badala ya 8 hivi, na mpira wake haukatwi ovyo na mawe makali. Kwenye matope ya kawaida inasaidia kiasi.

Magari haya ya kuendesha magurudumu yote yana sharti lingine. Matairi manne yawe ya aina moja, saizi moja na kiasi kimoja cha kulika. Tofauti ya kina ikipita milimita moja au mbili, magurudumu yanazunguka idadi tofauti ya mizunguko na kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi muda wote, kinapata moto, kinakufa. Tairi moja likipasuka katikati ya maisha ya mengine, tafuta lililotumika lenye kina sawa kuliko jipya moja.

M/T, matairi ya matope, yale yenye meno makubwa, yanapendwa kwa sura na wengi hawayahitaji. Meno yale yameachana ili gurudumu likizunguka lirushe tope nje na kupata kingo mpya za kung'ata. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hata yenyewe hujaa na kuwa duara laini, mpaka ukanyage mafuta yajisafishe. Kwenye lami iliyolowa ni kinyume: mpira unaogusa barabara ni mchache, breki zinachelewa, na kona zinatisha. Kama unavuka tope mara mbili tatu kwa mwaka, nunua A/T na minyororo ya magurudumu mawili, uiweke chini ya kiti. M/T ni ya gari linaloishi huko: mradi wa msituni, machimbo, njia za Kivu na Ituri wakati wa mvua. Land Cruiser za kazi zinazofunga 7.50R16 yenye tyubu kwenye rimu ya chuma nazo zina hekima yake. Tairi jembamba linachimba hadi udongo mgumu, na likitoboka linafunguliwa porini kwa vyuma viwili na nyundo.

Upepo unaamua zaidi ya aina ya tairi. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na cha Kijapani kimeandikwa kilopaskali: 220 ni psi 32, 240 ni psi 35. Namba iliyoko ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe. Haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa kuwa kila nyuzi joto 5 au 6 zinaongeza psi moja hivi, na baada ya saa mbili za lami utakuta 36 au zaidi penye 32. Usiutoe. Ukiutoa, tairi likipoa litakuwa chini, ubavu utakunjika kila mzunguko, mkunjo unazaa joto, na joto linaachanisha mpira na waya. Matairi mengi yanayopasuka katika safari ndefu yalianza hivyo, kwa upepo mdogo na mzigo mkubwa, kisha lawama ikaenda kwa jua. Kwenye vumbi lenye mawimbi shusha hadi 26 hivi na upunguze mwendo. Kwenye mchanga mzito 16 hadi 18, tena polepole. Ukirudi lami jaza kwanza.

Namna ya kulika inakwambia kinachoendelea. Katikati pamekwisha, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, ulipungua. Ukingo wa ndani peke yake, alaimenti imepotea, au bushi na tairodi zimechoka, na kupima alaimenti kabla ya kubadilisha bushi ni kutupa fedha. Vibonde vya hapa na pale ni shokapu. Kuna vinundu vidogo vya mpira ndani ya mifereji, vya kimo cha milimita 1.6; kashata zikifika usawa wake tairi limekufa, lakini kwa masika ningelitoa likifika 3, kwa sababu chini ya hapo uwezo wa kutoa maji unaporomoka haraka. Na usikubali tairi kipara lililochongwa kashata mpya kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada chini ya mifereji. Kisu kinakaribia waya, maji yanaingia, waya unaota kutu. Ni matairi ya malori yenye neno REGROOVABLE tu ndiyo yaliyoachiwa unene wa kuchongwa.

Ukiwa na fedha ya matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi watabisha. Mbele pakiteleza kwenye maji, dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi na anaachia mafuta. Nyuma pakiteleza, gari linageuka kabla hajajua. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha: kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, matairi ya mbele yarudi nyuma upande uleule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana kushoto na kulia, isipokuwa yale yenye mshale ubavuni, ambayo hayabadilishi upande. Fundi akimaliza, nati zikazwe kwa kupishana kama nyota, na Toyota ndogo nyingi zinataka nyutonimita 103, kiasi ambacho hakihitaji mtu kusimama juu ya spana. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa.